Ukuta wa Inchi Tano

Nakundwa amerudi kutoka Usangi, kumzika baba.
Nimejua kwa picha: mzee amesimama mbele ya migomba,
koti la suti limemzidi mabega,
na chini yake maneno matatu, "Lala salama, baba."
Imewekwa saa nne na dakika sita usiku.
Hakupita chumbani kwangu. Nami sikuusikia mlango wake,
nilikuwa nimeziba masikio kwa spika ndogo,
nikimtazama mtu wa nchi nisiyoijua akikaanga mayai.

Watu mia mbili na kumi wamependa.
Wamependa nini? Koti? Migomba?
Kwa Kipare jina lake ni "nimependwa".

Nikamwandikia: Pole sana mpenzi, Mungu akutie nguvu.
Nikaongeza mikono miwili iliyofumbatana na moyo uliopasuka,
halafu ule moyo nikautoa, nikaona umezidi.
Nikatuma.

Na pale pale, ng'ambo ya ukuta,
tofali moja la inchi tano na rangi ya chokaa,
niliisikia pole yangu ikifika.
Tii.
Kama tone la bomba bovu kwenye ndoo tupu.

Nikabana pumzi, mwizi aliyekanyaga bati.
Kitanda chake kikalia. Vema mbili zikageuka za buluu.
"Asante dia."

Mwaka wa kwanza hatukuwa hivi.
Tulikuwa wanne na simu nzima moja, ya Aikande,
kioo kimepasuka kama ramani ya mito,
tukiipandisha dirishani ili ishike mtandao.
Jumamosi tulitembea hadi Mbuyuni kufuata parachichi,
tukarudi tunazila njiani kwa chumvi ya kiganjani,
tukigombana nani kala la nani,
na ugomvi ule ulikuwa na mate, ulikuwa na mikono,
ukiisha tunacheka mpaka mlinzi anatufokea.
Siku hizi tukikosana mtu anatoka kwenye kundi.
"Elinami ameondoka."
Herufi ndogo za kijivu. Asubuhi tukapishana naye kwenye foleni ya maji,
ndoo kwa ndoo, mambo, poa,
wala hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi
mtu anayeondoka na bado yupo.

Mlima nao ukijifunua alfajiri, hapa Moshi haujifunui kila siku,
kundi la wasapu hujaa picha thelathini za Kibo ile ile
kutoka madirisha ya korido moja.
Sijawahi kusikia mtu akiita, "Jamani, njooni muone."

Saa tano umeme ukakatika.
Mtu wa mayai akaganda, mwiko hewani.
Nikazitoa spika masikioni
na ndipo nikasikia, kupitia tofali,
sauti ya mwanaume chumbani kwa Nakundwa.
Nilishtuka. Kisha nikaielewa ile mikwaruzo, upepo nyuma yake,
jogoo wa mchana kwa mbali:
"Nakundwa. Umekula? Haya. Basi kula."
Kimya.
"Nakundwa. Umekula? Haya. Basi kula."
Nilihesabu mara saba. Ya nane ilifika kwenye "Ume",
ikakatika; simu imekwisha chaji.

Sijui nilikaa gizani muda gani.
Nilitaka kumwandikia.
Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye jina lake,
nina aibu kulisema hili, ila ndivyo ilivyokuwa.

Nikachukua nusu mkate na chupa ya chai iliyopoa.
Hatua sita. Nimezihesabu baadaye, ni sita.
Sikumbuki mara ya mwisho kugonga mlango wa mtu
bila kwanza kumwambia "nipo nje".

"Nani?"

Nikafungua mdomo. Pole nilikwisha kuituma.
Salamu haikufaa, jina langu lilinikwama,
na neno pekee lililokuwa tayari kinywani
halikuwa langu.

"Umekula?" nikasema.

Muda ukapita, mrefu.
Kisha komeo likasogea.