Meza ya Pili

Sista Jerotich ananifunga mkanda,
anaujaza upepo mpaka mkono unadunda
kama nimeotewa moyo wa pili,
anatazama namba, anaujaza tena.
"Umebadilisha dawa?"
Dawa ni ileile.
Chumvi, sitaki kusema uongo, ni ileile.
Na baridi ya kiwanda haijapungua hata nyuzi moja.

Meza ya nne nilisimama miezi kumi na minne
kati ya majirani wawili nisiowajua majina.
Kila mtu na kilo zake, kila mtu na kisu chake;
mbuta akikuponyoka sakafuni, ni wako peke yako.
Usiku, Manyatta, niliisikia damu
ikigonga sikioni kama mgeni aliyekosea mlango.

Kisha wakanihamishia ya pili.
Siku ya kwanza Mideva alininyang'anya kisu,
akakipitisha kwenye kinoo mara sita, akakirudisha
bila salamu.
Siku hiyo minofu ilitoka yenyewe.

Msidhani ni malaika. Nyaboke ananidai mia tatu
na hunikumbusha msimamizi akiwa karibu.
Obuya ana kichekesho kimoja tu, cha fisi na karani,
hukitoa kila Jumanne
nasi hucheka kabla hajafika mwisho ili anyamaze.
Lakini nikienda msalani, nikirudi
trei yangu imejaa kuliko nilivyoiacha,
na kila mmoja anatazama samaki wake.
Mama alipofariki kule Bondo, siku tatu
namba yangu iliendelea kupata kilo.
Niliporudi hakuna aliyenipa pole ndefu.
Walinisogezea glavu kavu.

Glavu kavu! Anayeijua baridi ile anajua.

Haya yote Sista hana safu ya kuyaandika.
Anaandika mia thelathini na nane kwa themanini na sita,
anapiga tiki, anaita, "Mwingine."

Leo orodha mpya imebandikwa mlangoni.
Jumatatu narudi ya nne.
Mideva ameisoma, hajasema kitu.
Amekipiga kinoo chake kwenye ukingo wa meza,
kikatoka vipande viwili visivyolingana,
akanipa kile kikubwa.

Kuna binti mgeni kule, nimemwona,
anakishika kisu kama ameshika nyoka.
Nitaanza na lile swali
ambalo mwaka mzima sikuulizwa:
"Kisu chako, dada, kinakata?"