Swali la Nne

Tunga sentensi kwa kutumia kivumishi *holela*.
Madaftari arobaini na mawili, Kidato cha Pili,
Pasua, Jumapili, umeme umekatika tangu saa kumi,
nasahihishia mlangoni.

Ubaoni nilisema: holela ni kitu kisicho na mpango,
kilichotendwa bila kupima mbele wala nyuma.
Tena nikawaonya, hiki si kivumishi cha adabu.
Wenzake hubadili nguo kwa kila ngeli,
mtu mzuri, kiti kizuri, maji mazuri;
yeye hapana. Ujenzi holela, makazi holela, biashara holela,
anaingia kila nyumba na viatu vyake vilevile,
hapigi hodi.
Darasa likacheka, nami nikajiona fundi.

Lyatuu ameandika: *Tusinywe dawa kiholela.*
Hicho ni kielezi. Nimemkata nusu.
Ndewirwa: *Tulifungwa saba kwa sababu kocha
alitoa maagizo holela.* Nimempa zote,
nilikuwepo uwanjani.

Kisha Elinaike Mamuya,
mwandiko umelala kama mgomba uliozidiwa na mkungu:

*Nyumba yetu ni holela kwa sababu mama
anajenga akipata hela.
Chumba cha kwanza ni cha mahindi ya mwaka ule.
Cha pili ni cha upatu.
Cha tatu hakina mlango wa ndani, unatoka nje unazunguka,
kwa kuwa kilikuja ghafla, shangazi alipoachika.
Dirisha la jikoni liko chini sana
maana bibi alikuwa hasimami tena
na alitaka kuona barabara.
Jumanne watu wa manispaa wametuchorea X nyekundu.*

Niliomba sentensi moja.

Kalamu yangu ni nyekundu.
Nimeiinua, nimeitazama,
nimeirudisha mfukoni.

Holela. Hela.
Miaka kumi na tisa nafundisha, sikuwahi kuyaona
yamekaa dawati moja.
Kamusi yangu, jalada limeng'oka, inasema: *pasipo utaratibu*.
Haisemi utaratibu wa nani.
Mfongo wa ukoo wetu kule Uru
umepinda kama nyoka aliyekanyagwa,
unakwepa jiwe, unakwepa mibuni ya jirani,
unarudi nyuma kidogo kama uliosahau kitu,
na migomba ya chini inakunywa.
Hakuna aliyewahi kuupaka rangi.

Lakini nisijidanganye.
Mwaka juzi gari la zimamoto lilikwama uchochoroni,
ukuta wa huyu umebusu ukuta wa yule,
tukasimama na ndoo zetu
tukitazama kabati la mzee Kimaryo likiisha,
na vyeti vya wanawe ndani.
Siku ile nililitamka neno hili kwa sauti
na sikulionea haya.

Giza linaingia. Nimechukua penseli.
Pembeni nimeandika: *afadhali "imejengwa kiholela".*
Nimefuta.
Nimeandika: *Bibi alikuwa anamsubiri nani?*
Alama nimeziacha wazi.

Yamebaki madaftari kumi na moja
na mshumaa wenyewe ni kipande.