Punguza Taa

Nkwimba, umeniletea pikapu ya dagaa
ukitaka taa kama za uwanja wa mpira.
Nimezima redio. Kalia hilo tairi.
Kabla sijashika bisibisi, niambie:
Kayenze unatoka saa ngapi?

Maana alfajiri, mvua ikiwa imekatika usiku,
ukungu wa ziwa hupanda barabarani
kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa.
Ukiwasha ndefu, umejijengea ukuta mweupe
na unauendea kwa gia ya nne.
Pale ni zile za chini, za manjano,
zipite uvunguni mwa ukungu
zikipapasa ukingo wa lami, nyasi,
kwato.

Na visubi vikitoka ziwani kama moshi,
vikagandamana kwenye kioo cha taa,
usiongeze mwanga. Simama. Futa.
Kitambaa na maji ya chupa, basi.

Ukishapita Nyanguge, ukiwa peke yako na giza,
washa ndefu, ni haki yako.
Lakini kikimeta kitu kule mbele,
hujajua bado kama ni lori au pikipiki,
shusha.

Mimi niliingia mtaroni pale Kisesa,
na baiskeli, na kreti la soda.
Aliyenimulika hakunigonga.
Alipita zake, hata honi hakupiga,
akaniachia giza jeupe machoni
nikiitafuta barabara kwa mguu,
chupa zikitoa povu kwenye matope.

Dagaa unawajua kuliko mimi:
huifuata karabai mpaka ndani ya wavu.
Mtu naye ndivyo alivyo.
Mmulike usoni, jicho litavuta mkono,
mkono utavuta usukani,
na atakuja palepale ulipo wewe.

Hizi balbu za elfu arobaini
mrudishie aliyekuuzia.
Sogeza gari, lielekee ukuta wa mama Mbuke.
Hatua kumi nyuma. Nyuma kidogo tena.
Nikikaza skrubu hii, tazama:
mwanga unashuka, unashuka,
umeliacha dirisha alale mtoto,
umetua kwenye ndoo na kandambili.
Hapo. Usiguse tena.

Elfu tano tu.

Ngoja, usiwashe injini.
Indiketa ya kushoto imekufa
tangu lini, Nkwimba,
nawe unaniulizia taa za kuonea mbali?