Safu ya Tatu, Kushoto

Heldur ameng'oa kapasita ishirini na nne,
akapachika mpya, nyeusi, nene kama vizibo vya chupa,
kwa pensheni ya miezi miwili
na risasi ya kulehemu iliyomuunguza kidole gumba.
Amplifaya kaivua bati. Priampu nayo kaifumua.
Ghorofa yote ya nne, hapa Tartu,
inanuka moshi tangu Krismasi.

"Njooni Jumamosi," alisema. "Mtasikia pazia likiondoka."

Rein akaja na pacha wa mashine hiyo, ile isiyoguswa,
ameiburuta thelujini kwa kiteleza cha mjukuu,
imefungwa blanketi kama mgonjwa.
Rein alifundisha hesabu miaka thelathini na minane.
Alipima volti kwenye spika, akakaza, akalegeza,
hadi mashine mbili zikasema kwa kimo kimoja,
maana kinachozidi kelele hata kwa unywele
sikio hukiita kitamu,
na mfuko uliokwisha toa pesa hauna budi kukubali.
"Kipya kinyemi, Heldur."
"Ingawa kidonda," Heldur akajibu,
akamwonyesha kidole gumba.

Maimu, mkewe, alikaa nyuma ya shuka
tulilolitundika kwa vibanio,
yeye na swichi, penseli, na sarafu moja ya kurusha.
Ramani ikilala juu, ile mpya. Namba ikilala juu, ile ya zamani.
Mimi niliitwa kwa kuwa sijui kitu:
jirani wa chini, mwoka mikate, masikio mabichi.

Santuri ilikuwa kwaya ya wanawake mia mbili,
kanisani, mwaka ambao Heldur alitimiza miaka tisa.
Jalada limepasuka. Hakuna jina hata moja.
Mama yake yumo, safu ya tatu, kushoto.
"Kwa ile ya zamani," akaninong'oneza,
"ni ukuta wa wanawake. Kwa hii
ukuta una madirisha, na katika dirisha moja..."
Hakumaliza. Akafumba macho.

Mara ya kwanza: "Mpya."
Upesi, kama anayetaja jina lake.
Mara ya pili: "Ya zamani. Sauti imekauka."
Ya tatu ilimchukua muda. Chai ikapoa.
Mimi nilisikia mwanamke akikohoa
baada ya ubeti wa pili,
kikohozi kidogo, cha mtu aliyekizuia tangu mlangoni.
Nilikisikia kila mara. Sikusema.
Hawakuniuliza habari za kikohozi.

Mara kumi na mbili.
Sikio halipiti kichwa, najua,
lakini nilimwona Heldur akijaribu kulipitisha,
shingo mbele, mishipa imetuna,
mzee anayechungulia ndani ya ukuta.

Rein alilinganisha karatasi yake na ya Maimu,
akahesabu tena, kwa heshima.
"Sita," alisema. "Sita kwa kumi na mbili.
Sarafu ingekwambia hivyohivyo, bila kapasita."
Nje gari la kumwaga chumvi barabarani likapita polepole.
Hakuna aliyecheka.

Hapo Maimu akatoka nyuma ya shuka,
kibanio kimenasa kwenye sweta.
"Kuanzia ya saba, futeni," alisema.
"Sikurusha sarafu. Swichi sikuigusa.
Niliandika tu. Nilikuwa nasikiliza."

"Uliiacha kwenye ipi?" Rein akauliza,
penseli tayari.

Akamtazama mumewe.
Akatia sarafu mfukoni.
"Hata sikumbuki."

Mimi nilikaa upande wenye mwanya.
Niliona ni taa gani iliyokuwa ikiwaka,
na nilijua anakumbuka.
Nikaomba sukari.

Rein alifuta tokeo la saba, la nane, la tisa,
akapuliza makombo ya kifutio mezani,
kisha akazima mita yake.

Heldur alikuwa bado amefumba macho.
"Rudisha sindano," alisema. "Ubeti wa pili.
Pale kabla mama hajakohoa."