Noti Yenye Jeraha

Studio ya Cirhuza ni chumba cha nyuma, Kadutu,
ukishawapita mama wa sambaza
na ngazi arobaini za udongo.
Ukutani trei za mayai, mlangoni godoro
lililowahi kulaliwa. Nikisogelea maikrofoni
nasikia harufu ya usingizi wa watu nisiowajua.

Tunarekodi saa nane za usiku.
Mchana jirani anasaga mihogo, jioni kuna maombi,
na umeme unapita mtaani kwetu
kama mdeni mbele ya duka:
kichwa chini, hasimami.

«Nabintu, toa mama mwenye furaha.»
Natoa.
«Sasa bibi. Sasa mtoto aliyechanjwa, asilie sana.»
Natoa mtoto. Namzuia asilie sana.
Malipo ni ya msomaji mmoja wa lugha mbili,
«na ya Mashi utatuongezea tu, si ni ya kwenu?»
Ni ya kwetu.
Ndiyo maana haina bei.

Usiku mmoja walitaka kikohozi,
tangazo la kifua kikuu.
Nilikuwa na changu, cha wiki mbili,
nilichokiokota humu humu, katika vumbi la godoro.
Nikakohoa mpaka machozi.
Cirhuza akainua kidole gumba nyuma ya kioo:
«Safi! Hicho hicho. Kirudie, kiwe kifupi kidogo.»

Sauti yangu imefika mbali kuliko miguu yangu.
Imo ndani ya simu za watu: *salio lako halitoshi*.
Mimi ndiye niliyesema,
mimi ndiye ninayeambiwa.
Imo ndani ya meli ya Goma, inawasihi abiria
wavae majaketi ya kuokoa maisha;
mimi meli hiyo sijaipanda bado,
kila nauli ikipatikana mtoto anaumwa.
Imo benki, pale Nyawera, inasema karibuni sana,
na mlinzi wa mlangoni ananiuliza
ninamtafuta nani.

Patroni Mushagalusa ana neno lake: kujulikana.
«Kwanza ujulikane, mwanangu. Pesa ni mkia,
unafuata mnyama.»
Miaka sita nimesimama kando ya njia.
Nimeona kichwa. Nimeona shingo.
Mnyama huyu ni mrefu, jamani.
Anayenijua vizuri ni mwenye nyumba:
ananijua kwa hatua,
hata nikivua viatu nipande ngazi kimya.

Mkataba niliuomba mara moja.
Alicheka kwa upole, kama mtu
aliyeombwa risiti ya salamu.

Juzi amenilipa noti ya dola kumi
iliyochanika pembeni, kiasi cha ukucha wa mtoto.
Na hapa kwetu dola haisamehewi jeraha.
Nimezunguka nayo kutoka Essence hadi Nguba.
Wabadili pesa wanaiinua juani,
wanaisoma kama daktari asomavyo picha ya mapafu.
«Nane.»
«Mimi saba.»
«Mama, mrudishie aliyekupa.»
Nimrudishie! Nami hiyo namba yake
nikiipiga, napokelewa na nani? Na mimi mwenyewe:
*mteja hapatikani kwa sasa.*

Kwa muuza unga, redio inaongea juu ya magunia.
*Mama mpendwa, nawa mikono kabla ya kupika.*
Naomba kilo mbili, nitalipa Jumamosi.
Msichana wake mdogo, ameketi juu ya mizani mbovu,
ananitazama, anaitazama redio, ananitazama tena.
«Baba, huyu mama mbona amekopa ile sauti?»
«Mwenye kukopa,» baba anasema akichota,
«hukopa kila kitu.»
Anapima moja. Anafunga mfuko.

Nimetaka kucheka, kile kicheko cha mama mwenye furaha.
Kimekuja kikohozi badala yake,
kirefu, bila mtu wa kukikata.
Mtoto ameshuka kwenye mizani,
ameniletea maji katika kikombe cha plastiki,
na redio inaendelea, nzima, haina mafua,
kunikumbusha niyachemshe kwanza.