Maelezo ya Zana ya Kufunga

Niliandika "Funga kazi", nikaenda zangu kunywa chai.
Maneno mawili. Nilijiona nimemaliza.

Wakala, hii akili mnemba tuliyoiajiri ofisini
ipange orodha ya visima vya Uyui,
hana macho ya kunitazama usoni.
Hajui kwamba hapa Isevya tukisema funga
pengine tunafunga mlango,
pengine tunafunga Ramadhani,
tunafunga mzigo wa kuni, tunafunga bao,
tunafunga mtu na pingu zake.
Akaikuta kazi namba mia nne na kumi:
"Pampu ya Goweko. Kipuri kimeagizwa."
Akaifunga.
Kwa adabu akaandika chini yake: Imekamilika.

Kipuri kilikuwa bado Dar, ndani ya boksi.
Na Kalunde, mhazini wa kamati ya maji,
akanipigia saa moja asubuhi:
"Mwanangu, kwenye simu kisima chetu ni kijani.
Ndoo zetu mbona hazijasikia?"

Na saa. Eh, saa!
Nilisema fundi akumbushwe saa mbili.
Ujumbe ukamfikia Sagali saa nane za usiku,
akakurupuka akitafuta viatu, akidhani kuna msiba.
Nilisema tarehe ya Igalula isogezwe mbele,
moyoni nikimaanisha wiki ijayo.
Wakala akaivuta ikaja Jumatatu,
na mafundi wakasimama juani, hawana hata bomba moja.

Nilitaka kumlaumu. Ni rahisi kumlaumu
asiyekuwa na shangazi wa kumtetea.

Baba yangu alishika pointi za reli hapa Tabora,
pale njia inapogawana, ya Kigoma na ya Mwanza.
Hakuwahi kuendesha treni hata siku moja.
Lakini upana wa vidole vitatu vya chuma,
kushoto badala ya kulia,
ungemlaza abiria wa Urambo akaamkia Isaka.
Nyumbani, mama akimtuma nyanya sokoni,
angesimama mlangoni na kikapu:
Ngapi? Za nani? Mbivu za leo au za keshokutwa?
Na zikikosekana je?
Mama akimwona msumbufu.
Mimi pia, hadi juzi.

Umeme ukakatika. Nikabaki pale pale,
kompyuta ikila betri yake, mbu wakinila mimi,
nikaandika kama anayemwandikia mgeni
aliyeshuka stesheni usiku, hana mwenyeji,
ana bidii tu:

*Zana hii hufunga kazi.*
*Kufunga maana yake maji yametoka na mtu ameyanywa.*
*Usiitumie kipuri kikiwa njiani.*
*Usiitumie kwa sababu fundi amesema "tayari";*
*tayari ya fundi ni nyumba yenye vyumba vingi.*
*Andika jina la aliyethibitisha.*
*Jina likikosekana, usilibuni. Uliza, kisha subiri.*
*Kufunga si kufuta. Kilichofutwa hapa hakirudi.*
*Saa zote ni za ukutani: asubuhi saa mbili, andika 08:00.*

Nikaisoma kwa sauti. Nikakata neno "ipasavyo",
maana hakuna aliyewahi kuniambia ipasavyo ni vipi.
Nikakata "haraka".
"Tafadhali" nikaiacha, sijui kwa nini.
Labda kwa ajili ya baba.

Siku tisa zikapita.
Boksi likafika kwa treni, Sagali akaenda na baiskeli,
akarudi na grisi hadi kwenye viwiko, akasema: "Tayari."
Nikafungua orodha. Kazi mia nne na kumi bado nyekundu,
na chini yake mstari mpya wa wakala:

"Sijaifunga. Kipuri kimefungwa,
ila sijapata jina la aliyekunywa."

Nikampigia Kalunde. Nyuma yake nilisikia
mkono wa pampu ukilia, kii-kwaa, kii-kwaa,
na watoto wakigombania zamu.

"Niandike mimi," akasema.
"Yana chumvi kidogo. Hilo nalo uliandike.
Lakini nimeyanywa."