Kitufe Kimoja

Majira yale ya baridi nyumba yetu ya Idrija
ilipasuka kama kuni chini ya shoka.
Tilen, kaka yangu, alikuwa mtu wa Komodor:
kumbukumbu sitini na nne, alisema,
na sauti! Ukiisikia, Metka,
utadhani kuna bendi imefungiwa sandukuni.
Mimi nilikuwa mtu wa Spektrum,
nyeusi, ndogo, vitufe vya mpira kama vifutio vya shule,
na kipande cha upinde wa mvua pembeni.
Kwa nini? Kwa sababu yeye alikuwa wa ile nyingine.
Hakuna aliyekuwa ameigusa hata moja.

Tilen alichora kibodi kwa chaki mlangoni pa banda
akajifunza kupiga taipu kwenye mbao,
kwa vidole vyote kumi, glovu mfukoni.
Baba alitusikiliza tukigombana mezani,
mikono yake kaificha mapajani.
Miaka ishirini na miwili ndani ya mgodi wa zebaki:
mgodi ulimpa pensheni na tetemeko.
Kikombe kilichojaa hakikumfikia mdomoni kikiwa kimejaa.
Benki waliikataa sahihi yake mara mbili;
tangu hapo barua zote aliziandika Mama.

Mama hakuuliza kumbukumbu ni ngapi.
Alifuma lesi hadi Machi,
vijiti vikigongana usiku, tak, tak-tak, tak,
akamuuzia Mwitalia kitambaa cha altare,
akazihesabu lira, akazihesabu tena,
na Jumamosi kigari chetu cha Zastava
kikatukohoza hadi Trieste.

Dukani kwa Bwana Furlan zilikaa bega kwa bega
kama wachumba wawili waliofika siku moja.
Tilen akamvuta Mama mkono wa kulia, mimi wa kushoto.
Mama akajinasua. Akauliza swali moja,
kwa Kiitaliano chake cha sokoni:
"Mtu akitaka kuandika neno, abonyeze mara ngapi?"

Furlan akacheka. Hii ya kahawia ni kama taipureta,
herufi kwa herufi, mama.
Hii nyeusi ina wazimu wake:
kila kitufe kimebeba amri nzima mgongoni.
Gusa hapa, neno zima limejiandika.

"Mara moja," Mama akasema.
"Mara moja."
Akafungua pochi.

Tilen hakufungua kinywa hadi mpakani.
Mimi nilishangilia kimoyomoyo, mjinga,
nikidhani nimeshinda.

Kabla ya forodha, nyuma ya kituo cha petroli,
Mama aliupasua mto wake wa kufumia,
akamwaga machujo ya mbao kwenye nyasi,
akailaza mashine mle ndani kama mtoto wa siku tatu,
akashona, akatandaza lesi juu, vijiti vikining'inia.
Afisa aliupigapiga kama mtu anayechagua tikiti.
"Mzito huu."
"Na anayeubeba ni mimi," Mama akajibu.
Akatupungia tupite.

Usiku huo nilishuka ngazi kunywa maji.
Televisheni ilikuwa inawaka jikoni, nyeupe, kimya.
Baba peke yake mbele yake, na fulana ya ndani.
Mkono wa kushoto umeubana wa kulia kifundoni
kama mtu anayemshika jogoo asiruke.
Kidole kilizunguka, kilizunguka, kikatua.

Chini ya kioo likatokea neno la Kiingereza
asilolijua maana yake.
Lote. Limenyooka. Kila herufi imesimama kwa miguu yake.
Akalisogelea hadi pua ikakaribia kugusa.
Akaizima, akaiwasha, akatua tena.

Tilen alikuwa nyuma yangu ngazini, miguu mitupu.
Hatukusemezana.

Asubuhi nilimkuta anafuta chaki mlangoni kwa tambara.
Lakini Komodor anaisifu hadi leo, mvi kichwani,
kila tukikutana: sauti ile, Metka, sauti ile!
Na sitini na nne ni zaidi ya arobaini na nane.
Hesabu hiyo siwezi kumbishia.